Rangi imekwenda wapi? Utatuzi wa matatizo ya pipa la pumba kwa karakana za batiki Moshi

Mashine za kukoboa mpunga za Mabogini na Chekereni huacha vilima vya pumba, na msimu wa kahawa ukifika maganda nayo hujaa. Gharama yake ni nauli ya guta tu. Ndiyo maana mwenye karakana ya batiki akisikia kwamba pumba zinaweza kunasa rangi iliyobaki kwenye maji, hachelewi: anatafuta pipa, anaweka kokoto chini, pumba juu yake, koki pembeni. Wiki mbili baadaye pipa limegeuzwa la kuwekea mkaa, na jibu ni moja: "Pumba hazifanyi kazi."

Zinafanya. Nimeinama juu ya mapipa mengi ya namna hiyo, na mara nyingi kosa halikuwa la pumba. Lilikuwa la kutojiuliza swali ambalo mwongozo huu mzima unalizunguka: rangi imekwenda wapi? Rangi haijakwisha eti kwa sababu tu haionekani. Ama imenaswa juu ya pumba, ama imezama chini kama tope, ama imejificha majini bila kuonekana, ama imevunjika ikawa kitu kingine, ama imepita tu ikaenda zake. Ukijua iko wapi kati ya hayo matano, umeshajua cha kurekebisha.

Swali hili si la maabara tu. Maji ya mito ya Njoro na Rau ndiyo yanayomwagilia mpunga wa Lower Moshi. Pumba tunazosafishia maji zimetoka kwenye mashamba yaleyale yatakayopokea tulichomwaga.

Kabla hujalaumu pumba

Chukua chupa tatu zinazofanana za maji ya kunywa. Ya kwanza ijaze maji kabla hayajaingia kwenye pipa, ya pili yanapotoka, na ya tatu maji yaliyotoka jana yakalala usiku kucha bila kifuniko. Zipange mbele ya karatasi nyeupe, mchana, kivulini. Chupa ya tatu wengi huiacha, nayo ndiyo inayosema mengi kuliko zote.

Pima pia pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji: 7 ni katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni upande wa kostiki na magadi. Karatasi za kupimia zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Maji yakiwa na rangi nzito yataipaka karatasi usione kitu, kwa hiyo chovya ncha tu, kisha soma pale unyevu unapopanda juu zaidi ya rangi. Kama huna karatasi, maji ya choya yatakupa fununu: kwenye uchachu hubaki mekundu, kwenye kostiki huelekea ukijani. Kwa maji mepesi choya inatosha, kwa maji mazito itakudanganya.

Andika tarehe, aina ya rangi uliyotumia na dawa ulizochanganya nayo. Nakuomba usiiruke hatua hii. Nusu ya matatizo yanayofuata hutatuliwa kwa kujua tu kama siku hiyo ulitumia rangi za kostiki na haidrosi (dawa ya unga inayosaidia rangi kuyeyuka) au rangi za maji baridi za chumvi na magadi.

"Maji yanatoka na rangi ileile tangu lita ya kwanza"

Hapa rangi imepita. Pumba hazijachoka, maana hazijaanza hata kazi. Sababu kubwa ni chaji.

Pumba, maganda ya kahawa, magunzi ya mahindi na makapi ya miwa vyote vimejengwa kwa selulosi na lignini, na nje yake vina sehemu ndogo ndogo zinazobeba chaji ya umeme. Katika maji yenye kostiki au magadi sehemu hizo huwa na chaji hasi. Rangi za maji baridi nazo hubeba chaji hasi. Hasi kwa hasi hufukuzana, kwa hiyo rangi hupita juu ya pumba kama maji juu ya jani la mgomba. Na rangi hizi ndizo zinazobaki majini kwa wingi: kutegemea rangi na ufundi, kati ya asilimia 10 na 50 ya rangi iliyowekwa haishiki kitambaa, inatoka na maji ya suuzo.

Utasoma mahali kwamba pumba ziliondoa zaidi ya asilimia 90 ya rangi. Usibishe, ila uliza ni rangi gani. Majaribio mengi ya maabara hutumia bluu ya methilini, ambayo ina chaji chanya. Kwa hiyo hata pumba mbichi huikumbatia. Rangi za uzi wa akriliki, ule wa kufumia masweta, nazo ni za tabia hiyo. Rangi nyingi za kitambaa cha pamba sivyo zilivyo, na mtu anayechukua matokeo ya bluu ya methilini akayategemea kwenye batiki atavunjika moyo bila sababu.

Tiba ya kwanza ni kushusha pH. Maji yakiwa machachu kiasi, karibu na 4, sehemu nyingi za pumba hupoteza chaji hasi, nyingine hugeuka chanya, na rangi huanza kushika. Jaribu kwenye chupa kabla ya pipa. Weka nusu lita ya maji ya rangi kwenye chupa nne, kila moja na gramu 10 za pumba zilizooshwa. Pumba ni nyepesi, kwa hiyo gramu 10 ni karibu nusu kikombe cha chai. Chupa moja usiiwekee siki, nyingine kijiko kimoja, vijiko viwili, vinne. Tikisa mara kwa mara kwa saa moja. Andaa pia chupa ya tano yenye siki vijiko vinne bila pumba, kwa sababu rangi nyingine hubadilika sura kwa uchachu peke yake, na utadhani zimenaswa kumbe zipo palepale.

Kuhusu kiasi cha siki kwenye pipa zima, uwe tayari kushangaa. Lita 100 za maji ya kostiki ya pH 12 zinahitaji kama lita 1.2 za siki ya asilimia 5 kufika karibu na 7. Zikiwa za pH 13 zinahitaji mara kumi ya hapo, zaidi ya lita 12. Ngazi moja ya pH ni mara kumi, si nyongeza ya moja. Magadi yakiwemo, siki itazidi tena. Kwa hiyo usichanganye maji ya beseni la kutia rangi na maji ya suuzo. Yale mazito yatumie tena kwa kitambaa kinachofuata mpaka yaishe nguvu, na pipa la pumba liletee suuzo.

Maji ya betri usiyatumie kama asidi. Ni hatari kwa macho na ngozi, na yaliyotoka kwenye betri kuukuu yana risasi, ambayo ni mbaya kuliko rangi unayoiondoa. Wapo pia waliowahi kushauri machicha ya mbege iliyochacha. Uchachu wake ni hafifu, na unaongeza vitu vya kuoza ndani ya pipa.

Tiba ya pili, na kwa rangi za maji baridi mimi naipendelea, ni kuacha pumba mbichi na kutumia mkaa wa pumba au wa magunzi, pamoja na mbegu za mlonge. Mkaa una vitundu vingi na haujali sana chaji. Protini ya mbegu za mlonge ina chaji chanya, hivyo huikamata rangi yenye chaji hasi na kuishusha chini kama tope. Menya mbegu, twanga, koroga kwenye maji kidogo, chuja, mimina kwenye maji ya rangi, koroga haraka dakika moja kisha taratibu dakika kumi, acha yatulie. Anza na chupa kama kawaida ili upate kipimo chako.

Siku utakayochachusha maji, kumbuka kuyarudisha kati ya 6.5 na 8.5 kabla ya kuyamwaga. Magadi kidogo yatatosha.

"Yalitoka safi, asubuhi yamerudi bluu"

Hii ndiyo dalili inayowachanganya watu kuliko zote. Mama mmoja alinionyesha ndoo yake akiwa na hakika kwamba mtu amemwagia rangi usiku. Hakuna aliyemwagia. Rangi ilikuwemo tangu mwanzo, imejificha.

Rangi za kostiki na haidrosi kwa asili haziyeyuki majini. Kazi ya haidrosi ni kuibadilisha rangi kikemia ili iyeyuke na kuingia ndani ya uzi. Ikiwa hivyo, rangi nyingi hubadilika sura, na indigo huwa ya manjano yenye ukijani. Kitambaa ukikianika, hewa huirudisha rangi katika hali yake na kuifungia ndani ya uzi. Ndivyo inavyotokea pia kwenye ndoo. Maji yalipopita kwenye pipa haidrosi ilikuwa bado na nguvu, rangi imeyeyuka, haina sura yake, ikapita katikati ya pumba. Usiku hewa imeingia, haidrosi imekwisha, bluu imerudi.

Marekebisho hayahitaji kununua kitu. Geuza utaratibu: hewa kwanza, pumba baadaye. Maji ya suuzo yamwage kwenye pipa pana lililo wazi, tuliite pipa la hewa, yachote na kuyamwaga tena kutoka juu mara ishirini au thelathini, kisha yaache usiku kucha. Asubuhi rangi itakuwa imegeuka chembe na sehemu kubwa imetuama. Teka maji ya juu taratibu bila kutibua tope, ndipo uyapitishe kwenye pumba. Kwa rangi za aina hii pumba hazinasi sana kwa chaji, zinafanya kazi ya chujio la chembe, na chini yake tabaka la mchanga safi wa sentimita 10 au 15 litasaidia kuliko kuongeza pumba. Chembe zikiwa laini mno na hazitaki kutuama, shabu kidogo au mlonge utazikusanya.

Sasa neno la usalama ambalo naomba lisomwe mara mbili. Usimimine siki wala ndimu wala asidi yoyote kwenye maji ambayo haidrosi yake bado ina nguvu. Hutoa hewa ya salfa dioksidi, ile inayokaba koo kama moshi wa kiberiti, na kwenye chumba kilichofungwa inaweza kumlaza mtu mwenye pumu. Hewa kwanza, usiku kucha, nje. Uchachu baadaye, kama bado unahitajika.

"Yanatoka ya kahawia kama chai ya rangi"

Hiyo si rangi yako. Ni ya maganda yenyewe: tanini na vitu vingine vinavyoyeyuka, vingi zaidi kwenye maganda ya kahawa na ya ndizi kuliko kwenye pumba za mpunga. Kostiki huvitoa kwa kasi zaidi. Chemsha maganda kwa nusu saa, mwaga maji, suuza mpaka maji yawe angavu, anika juani mpaka yakauke kabisa. Rudia kama bado. Maganda ya ndizi mimi nayaacha kabisa, yanaoza upesi mno kwa kazi ya pipa.

Ukitumia mkaa, unachoona kinaweza kuwa vumbi jeusi au maji ya utelezi kama ya jivu. Osha mkaa mpaka pH ya maji yanayotoka ishuke. Na uutazame ulivyochomwa: ukiwa mweusi ni sawa, ukiwa wa kijivu au mweupe umechoma kupita kiasi. Pumba za mpunga zina silika nyingi, kwa hiyo kaboni ikiungua yote hubaki jivu lenye umbo lilelile la pumba, na jicho lisilozoea halitaona tofauti. Funika pipa la kuchomea vizuri, hewa iwe ndogo.

"Siku ya kwanza yalikuwa safi, sasa yamechafuka"

Sababu ni tatu, na zinajitenganisha zenyewe ukiangalia rangi ilivyoanza kurudi.

Ikirudi polepole, leo hafifu, kesho zaidi, pumba zimejaa. Ni jambo la kawaida, kila chombo hujaa. Fanya hesabu hii ya kukadiria: maji yenye miligramu 200 za rangi kwa lita, lita 100, yana gramu 20 za rangi. Kama gramu moja ya pumba zako inanasa miligramu 10, unahitaji kilo 2 kwa lita hizo 100, kisha ongeza nusu yake kwa sababu pipa halifanyi kazi kikamilifu kama chupa. Watu hujaza kilo 4 wakategemea zitoshe mwezi mzima. Njia nzuri ni mapipa mawili yanayofuatana. La kwanza likijaa, toa pumba zake, la pili lichukue nafasi ya kwanza, na jipya likae nyuma.

Ikirudi ghafla, na pumba ukizishika zinateleza, ni nta. Maji ya kuchemshia kitambaa ili kutoa nta yakiingia ya moto kwenye pipa, nta huganda juu ya pumba na kuzifunika kama rangi ya mafuta inavyofunika ukuta. Pumba hizo hazisafishiki. Yaache maji yapoe kabisa, nta itaganda juu, ikusanye na uitumie tena, kisha ndipo maji yaende.

Ikiwa rangi hutoka mara safi mara chafu, na ukichimba katikati unakuta pumba kavu au safi, maji yamejitengenezea njia. Pumba za mpunga huelea na hupenda kuacha upenyo kando ya ukuta wa pipa. Zilowanishe usiku mzima kabla ya kuzipanga, weka wavu na mawe juu, au afadhali zaidi, ingiza maji kwa chini yapande kwenda juu. Punguza pia kasi. Kama tabaka la pumba ni lita 40 na koki inatoa lita 2 kwa dakika, maji hukaa humo dakika 20. Ukiifungua koki mpaka lita 8, yanakaa dakika 5, na hiyo haitoshi.

Na kama maji hayapiti kabisa, umesaga laini mno au tope limeziba juu. Pepeta vumbi, na kwangua sentimita chache za juu.

"Rangi imekwisha, lakini pipa linanuka mayai viza"

Hapa usifurahi. Maji yamekaa siku nyingi bila hewa, pumba mbichi zimeanza kuoza, na vijidudu visivyohitaji hewa vimegeuza salfeti iliyotokana na haidrosi kuwa hewa inayonuka mayai viza. Hewa hiyo ni sumu, kwa hiyo usiingize kichwa ndani ya pipa.

Lakini kilichonifanya niandike dalili hii peke yake ni rangi iliyokwisha. Rangi nyingi za maji baridi, hasa nyekundu, machungwa na manjano, ni za jamii ya azo. Vijidudu hivyohivyo huvunja kifundo chake cha katikati, na rangi inapotea kabisa. Vipande vinavyobaki huitwa amini za aromatiki. Havina rangi, na baadhi yake husababisha saratani. Chupa yako itakuwa angavu mbele ya karatasi nyeupe, na maji yatakuwa mabaya kuliko yalipokuwa mekundu. Kumwaga klorini ya kung'arishia nguo nako hufuta rangi bila kuitoa majini, na huacha misombo ya klorini isiyofaa mtoni.

Mwaga pumba hizo, osha pipa, na kuanzia hapo pumba mbichi zisikae na maji zaidi ya siku mbili. Mwisho wa kazi fungua koki, pipa likauke. Maji yaliyokwisha kuvunda usiyapeleke mtaroni. Yarudishe kwenye pipa la hewa, yachanganye kwa siku kadhaa, kisha yapitishe kwenye mkaa.

"Maji yanaonekana safi, lakini mchicha umeungua"

Chumvi. Pumba hazinasi chumvi ya kawaida, wala mkaa haunasi. Karakana ikitumia rangi za maji baridi, chumvi yote uliyoweka itatoka upande wa pili kama ilivyoingia. Maji haya yafae kwa suuzo la kwanza la kitambaa kinachofuata, ambako hayana madhara, si kwa bustani. Pima chumvi kwa mizani badala ya kumimina kwa kukadiria mkono. Wengi wakianza kupima hugundua walikuwa wanazidisha.

"Pumba zimejaa rangi, nizitupe wapi?"

Rangi sasa iko mikononi mwako, imekusanyika mahali pamoja, na ndiyo shabaha ya kazi yote. Usiirudishe kwenye maji. Usiziweke shambani wala kwenye mboji, usilishe ng'ombe wala kuku, usizichome kwenye jiko la nyumbani, kwa sababu rangi nyingine hubeba shaba au kromi na moshi wake utakuwa puani mwa watoto. Zianike juu ya turubai mahali pasipofikiwa na mvua, pamoja na tope la pipa la hewa, zifunge kwenye viroba, andika juu yake.

Kisha ulizia kabla ya kuamua. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko hapahapa Moshi, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayetiririsha maji taka kwenye chanzo cha maji awe na kibali. Nenda na daftari lako la tarehe, rangi na pH, na chupa zako tatu. Ukimwekea ofisa hivyo mezani, ataweza kukujibu kuhusu karakana yako badala ya kukusomea kanuni.